Kuupima Mswada wa Kijana

Mswada wa mwandishi chipukizi haufichi amekuwa akimsoma nani. Anza na majina ya wahusika. Kijana aliyetoka kumsoma Shaaban Robert atakuwa na mtu mwema aliyepewa jina la wema wake, na mwovu aliyepewa jina la uovu wake. Miaka michache baadaye utakuta bastola, hoteli ya kifahari na mpelelezi asiyeshindika: hapo keshakutana na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Akifika chuo kikuu, shujaa anakuwa msomi aliyekata tamaa, mgeni nyumbani kwa wazazi wake, na riwaya inaishia kwa kujiua. Huyo ni Kezilahabi wa Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974).

Usimkatie tamaa kwa sababu hiyo. Mswada usio na athari ya mtu yeyote hunitia shaka zaidi, kwa kuwa mara nyingi mwenyewe hasomi. Cha kupima ni kama kijana anajua alichokichukua kilikuwa na kazi gani kule kilikotoka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mazungumzo. Tafuta ukurasa ambao watu wanagombana juu ya jambo dogo, tuseme nauli ya daladala. Konda anadai nauli, na kumbe anaongea kama Karama mbele ya mfalme katika Kusadikika ya Shaaban Robert! Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno, anajitetea barazani, uhai wake uko mashakani. Hotuba ndefu zilizopangwa kwa uangalifu ni silaha yake pekee. Konda anataka hela yake kabla ya kituo kinachofuata. Kijana aliyemwelewa Shaaban atampa konda maneno manne tu, na maneno hayo yatatosha kutuonyesha hasira yake, uchovu wake, na kwamba anamfahamu abiria anayegombana naye. Uangalifu huo wa kuchagua maneno ndio urithi wenyewe.

Halafu angalia amekopa nini na amekifanyia nini. Muhammed Said Abdulla alimchukua Sherlock Holmes akamleta Unguja akiwa Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum. Lakini tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), mafumbo yake yamejaa nasaba: nani kamzaa nani, ndoa gani ilifichwa, nani ananyimwa haki yake ya urithi. Muundo ni wa London, siri ni za kwetu. Mswada unaoleta bastola bila kuleta siri za mtaa wake bado haujaiva.

Kuhusu kubadili vielelezo, mfano bora ni Kezilahabi mwenyewe. Mtu aliyezusha mabishano makali kwa mashairi huru ya Kichomi (1974) ndiye aliyeandika tasnifu ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert. Hakumtupa mzee, alikaa naye akamchambua. Kisha, baada ya riwaya zake za kihalisia, akatoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), zenye safari katika ulimwengu usio kwenye ramani. Kwa maoni yangu, Nagona iko karibu na Kusadikika kuliko ilivyo karibu na Rosa Mistika, ingawa imani ya Shaaban kwamba wema utashinda haimo tena.

Kwa hiyo ukiletewa mswada, mwulize kijana kitabu alichokipenda sana zamani na ambacho leo anabishana nacho. Asiyeiva atakutajia majina makubwa. Aliyeiva atakutajia sura fulani, atasema ilimkera wapi na kwa nini bado anairudia. Huyo mpe muda wako, msomee mswada wote, na umwandikie maoni yako ukurasa kwa ukurasa. Wanaofanyiwa hivyo ni wachache mno.