Matembezi ya Pangani: hadithi nzuri iliyopungukiwa watu

Ndugu msomaji, kurasa hizi zimezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Leo naomba ruhusa nihakiki matembezi. Usicheke kwanza. Mtu anapokupokea Pangani mjini, akakutembeza kwa miguu saa mbili nzima kando ya mto, akikuonyesha jengo hili na lile huku akikusimulia, huyo ni msimulizi kama wasimulizi wengine. Ana mwanzo wake, ana kati, ana mwisho. Kuna aliyoyachagua na kuna aliyoyaacha. Tena hadhira yake yaweza kuwa kubwa kuliko yetu sisi tunaochapa nakala chache na kuzigawa mkono kwa mkono. Basi kazi yake inastahili kupimwa kwa mizani ile ile tunayopimia vitabu.

Kwa asiyepafahamu, Pangani iko kiasi cha kilomita 50 kusini ya Tanga, pale mto uliokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru unapoingia baharini. Katika karne ya 19 huu ulikuwa mji wenye jina. Misafara ya pembe za ndovu iliondokea hapa kwenda bara na kurudi hapa. Bondeni, kandokando ya mto, yalikuwepo mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857. Baadaye wakaja Wajerumani, halafu Waingereza. Lakini bandari ya Tanga na reli yake, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ziliivuta biashara upande wa kaskazini, na Pangani ikabaki na kuta zake.

Tulikuwa watano: mimi na washkaji wangu wawili, pamoja na wageni wawili Wazungu. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa umri wetu, mcheshi, sauti yake safi, anarukia Kiingereza na kurudi Kiswahili bila kujikwaa. Nataka niliseme hilo mapema ili isije ikadhaniwa nimekuja kumponda mtu. Kama ni uwasilishaji, apewe alama zote. Anajua mahali pa kunyamaza ili usikie mawimbi. Anajua kukugeuza ghafla uone mlango wa nakshi uliokuwa nyuma yako. Wapo waandishi wenye majina ambao hawana ufundi huo wa kumgeuza msomaji.

Tatizo langu ni hadithi yenyewe.

Shuleni tulikaririshwa fani na maudhui mpaka tukaviota usiku. Basi tuanze na wahusika. Wahusika wa matembezi haya ni nani? Ni nyumba. Boma la zamani, ambalo inasemwa lilijengwa na tajiri wa Kiomani na Wajerumani wakaja kuliongezea mambo yao. Jengo la forodha karibu na kivuko. Ghala ambalo tuliambiwa watumwa walikuwa wakifungiwa. Nyumba za Uhindini na vibaraza vyake. Kila tuliposimama, sentensi ilianza na "jengo hili": jengo hili lilijengwa na fulani, jengo hili likachukuliwa na fulani, jengo hili sasa linabomoka. Yaani ukihesabu vitenzi, kuta ndizo zilizofanya kazi nyingi, na watu waliobaki ni wenye mali tu. Aliyebeba jiwe hayupo. Aliyechoma chokaa hayupo. Fundi aliyechonga ule mlango uliotufanya tutoe macho hakutajwa hata kwa jina la kazi yake.

Watumwa walitajwa, tena kwa kishindo. Tulipofika bomani tukasimuliwa kile kisa ambacho kila aliyewahi kufika Pangani atakuwa amekisikia: eti chini ya nguzo walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lipate nguvu. Wale wageni wakashika midomo. Mshkaji wangu mmoja akasogea mbali na nguzo. Ni kisa chenye nguvu, sikatai, na sisemi hakijawahi kuwa na maana kwa wenyeji. Watu hutunga visa vya namna hiyo kwa sababu wanajua jengo kubwa halisimami bila uchungu wa mtu. Lakini tazama kinamfanyia nini mtumwa. Kinampa kitu kimoja tu, kifo. Hana jina, hana hila, hana anachokitaka. Anaingia katika hadithi ili azikwe.

Sasa linganisha na jambo hili, ambalo halikusimuliwa kabisa. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi. Waliwakimbia mabwana zao wakajiwekea makazi yao Kikogwe, kusini ya mto. Mwanahistoria Jonathon Glassman, ambaye kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995 kimejikita sana katika mji huu, anatuonyesha watumwa wa pwani hii walivyokuwa na mambo waliyoyataka: kipande cha shamba cha kujilimia, nafasi ya kwenda na msafara na kurudi na faida, kuvaa kama wengine, kuingia katika ngoma na karamu za mji bila kufukuzwa. Hao ni watu. Ukiwapa kalamu, riwaya inaanza yenyewe.

Na kuna zaidi. Kikogwe hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shamba la kwanza la mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Inaelezwa kwamba kati ya miche 1,000 ilifika salama 62 tu. Hebu fikiria, ardhi waliyokimbilia watu waliokataa kulima kwa lazima, baada ya miaka 20 ikapandwa zao litakalokusanya manamba kutoka pembe zote za nchi. Mwandishi gani angetunga mgogoro mzuri kuliko huo? Upo pale, ng'ambo ya maji, na ukisimama kwenye kivuko unaweza kuunyooshea kidole. Sisi tulioneshwa nguzo.

Nije kwenye kilele. Kilele cha matembezi ni vita vya 1888. Kiongozi wetu alisimulia kwa ufupi: Wajerumani walikuja, Abushiri bin Salim akawapinga, akakamatwa, akanyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Shujaa. Tukanyamaza kidogo kwa heshima, tukaendelea.

Yote hayo ni kweli. Ila ni kweli ya kibao cha mtaa. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipochukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, wakala wake Pangani, Emil von Zelewski, aling'ang'ania bendera ya kampuni ipandishwe, akagombana na liwali. Ilikuwa siku zile za Iddi ya kuchinja, mji umefurika. Hawakuwa wakubwa wa mji peke yao. Walikuwemo watu wa vijijini na wa bara waliokuja na mambo yao. Hasira zikapanda mpaka maafisa wa kampuni wakazingirwa ndani ya nyumba, na Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza askari wa Sultani, ndiye aliyekuja kuwatoa. Abushiri mwenyewe alikuwa mwenye shamba la miwa, na miwa ile ililimwa na watumwa. Wala hakuwa rafiki wa Sultani. Kwa hiyo ndani ya vita moja tunaye bwana mwenye watumwa anayepigania uhuru, na nyuma yake umati ambao haukuwa na sababu zile zile alizokuwa nazo yeye. Na Zelewski? Miaka mitatu baadaye, Agosti 1891, aliuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo.

Jamani, hiyo ndiyo hadithi! Shujaa mwenye doa na umati wenye akili yake. Ukimsafisha Abushiri mpaka ang'ae, unampunguza. Na ukiwaficha wale waliokuwa nyuma yake, unakuwa umerudia kosa lile lile la kwenye nyumba, kwamba mwenye jina pekee ndiye mtu.

Kuna mhusika mwingine aliyefanywa pazia la nyuma tu: mto. Tulitembea ubavuni mwake saa mbili, na kazi aliyopewa ni kupendeza. "Hapa mnaweza kupiga picha." Lakini mto ndio ulioshusha sukari na pembe. Mto ndio ulioutenga mji na Bweni, ukawafanya watu wa pande mbili waishi kwa ratiba ya kivuko na mitumbwi. Huko juu mto huo huo umefungwa kwa mabwawa na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls. Na sasa mradi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo umeleta habari ya daraja, kwa hiyo hata huko kuvuka kwa zamani kunaingia katika historia. Ni nani ataandika jinsi kulivyokuwa?

Tulipofika kivukoni palikuwa na bibi mmoja anakaanga samaki. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu, karibuni." Nikamuuliza habari za majahazi ya zamani. Alitusimulia marehemu mumewe alivyokuwa akipakia nazi kwenda Unguja, usiku gani waliondoka na upepo gani waliungoja, na jinsi wanawake walivyojua kwa kutazama tanga tu kwamba fulani anarudi. Dakika kumi hivi. Kiongozi wetu alisimama pembeni akatazama saa yake, kwa adabu, maana kituo hicho hakikuwemo katika ratiba. Mimi nasema zile dakika kumi ndizo zilizokuwa sura bora ya kitabu chote.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi moja kwa moja. Matembezi yalipita mbele ya forodha bila kutaja kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kati ya miaka ya 1926 na 1944, na kwamba Pangani ni mojawapo ya mahali alipofanyia kazi hiyo. Mwandishi mkubwa kabisa wa lugha yetu alihesabu mizigo ya watu katika mji huu, na hakuna aliyetuambia! Hakutajwa pia Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyeishi zama za vita vile na kuviandikia utenzi mzima, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H. Watu wanadhani habari za 1888 zimebaki katika faili za Wajerumani tu. Mshairi wa Kiswahili alikwisha kuziandika wakati risasi bado zinanuka.

Najua yatakayosemwa. Kijana anatafuta riziki, ana saa mbili tu, na mgeni aliyelipa anataka kisa cha kutisha na picha ya mlango. Ni kweli, na sitaki kumfundisha mtu kazi inayomlisha. Lakini saa mbili si chache. Hadithi fupi husomwa kwa nusu saa na watu wakaishi ndani yake. Tena yule bibi aliwashika hata wale wageni, wakati maneno yake walitafsiriwa nusunusu tu. Si kweli kwamba msikilizaji anataka vifo tu. Hupokea anachopewa.

Mapendekezo yangu ni haya. Matembezi yaanzie mtoni, yasianzie bomani. Kila jengo lipewe mtu mmoja na jambo alilolitaka: fundi wa mlango, mchukuzi, mke wa nahodha, karani. Mbele ya forodha Shaaban Robert atajwe, na mahali pa vita zisomwe beti chache za Hemedi kwa sauti. Ng'ambo ionyeshwe, na jina la Kikogwe litamkwe. Habari ya nguzo ibaki, ila ielezwe kuwa ni kisa cha watu, na msikilizaji aulizwe kwa nini watu walikihitaji.

Sasa nigeukie kwetu, maana ni rahisi kumhakiki kiongozi na kujiacha. Ile miswada tunayosomeana Jumamosi, hasa ya kihistoria, mingi ina ugonjwa huu huu. Mtumwa anaingia ukurasa wa kwanza na minyororo, ukurasa wa kumi amekufa, na katikati hajacheka, hajadai deni, hajamtamani mtu, hajasema uongo. Mzungu anapewa kofia na mjeledi. Shujaa anapewa hotuba. Halafu tunalalamika kwamba wasomaji wanakimbilia riwaya za mapenzi. Wanakimbilia huko kwa sababu huko kuna watu.

Hukumu yangu: matembezi ya Pangani yana msimulizi hodari na mandhari ambayo hakuna fedha inayoweza kuyanunua, ila wahusika wake wengi bado hawajaitwa jukwaani. Nendeni mkatembee, yanafaa. Chukueni daftari. Na mkifika kivukoni msiwe na haraka ya kumaliza ratiba. Ombeni samaki, muulize habari za majahazi, kisha mniletee mlichoandika.