Kwa Nini Delamere Avenue Ilikuwa Safi

Unaijua hiyo picha. Mtu huituma kwenye grupu ya familia Jumapili asubuhi, kabla watu hawajaenda kanisani. Ni picha mbili zilizounganishwa. Ya juu ni Delamere Avenue miaka ya hamsini, nyeusi na nyeupe. Morris Minor na Austin zimeegeshwa kwa mshazari, zimepangika kama mayai kwenye trei. Karibu na New Stanley, Lord Delamere wa shaba amekaa kwenye kiti chake, anaangalia mji kama mwenye shamba. Ya chini ni barabara ileile leo, Kenyatta Avenue, saa kumi na moja jioni. Mathree zimebanana, bodaboda inapenya kati ya watu, mtu amebeba godoro kichwani. Halafu chini kabisa kuna swali: tulikosea wapi?

Nimeziangalia picha za aina hii muda mrefu kuliko nilivyokaa chuoni. Niliacha nikiwa mwaka wa tatu, karo iliisha kabla ya masomo, na kwa muda kazi yangu ilikuwa moja tu: kutembea tao. Nilikuwa nasimama pale ambapo mpiga picha wa zamani alisimama, nainua simu, nalinganisha. Nilianza kwa mapenzi. Siku hizi nikiona picha hizo nakasirika kidogo, na nataka kueleza kwa nini.

Tuanze na magari, maana ndiyo hutushika kwanza. Hata mimi hunishika. Niwekee picha ya Peugeot 404 imepakwa tope la Safari Rally na kazi ya siku hiyo imekwisha. Ile gari ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Magari ya wakati huo yalikuwa na uso. Ya leo yanafanana utadhani yametoka tumbo moja.

Lakini angalia tena ile picha ya juu. Gari ndilo limechukua nafasi ya mtu. Kila gari lina mwenyewe na hatumwoni, lina mtu aliyelipangusa asubuhi na huyo pia hatumwoni. Tunabaki tukisifu rangi ya bodi na upana wa barabara, kana kwamba mji uliendeshwa na magari yenyewe.

Babu yangu alikuwa anayapangusa. Alitoka Machakos mwaka 1956 kuja kutafuta kibarua. Miaka miwili kabla, Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilikuwa imefanya msako ulioitwa Operation Anvil na kuwatoa Nairobi maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wengi wakapelekwa kizuizini. Waajiri wakawa wanatafuta mikono mingine. Babu akapata kazi ya kuosha magari nyuma ya ofisi fulani, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue.

Nilimwonyesha picha ile kwenye simu. Nilitarajia atabasamu, aanze stori za enzi zake. Aliisogeza karibu na macho, akaiangalia polepole.

“Hiyo ni Delamere,” akasema. “Mimi hapo nilikuwa napita tu.”

“Unapita ukienda wapi, babu?”

“Kwenda. Ukisimama unaulizwa unangoja nani.”

Akanirudishia simu, akaomba chai.

Hayo maneno yalinifanya niisome picha upya. Ule uwazi tunaoupenda, zile njia za miguu ambazo mtu angeweza kulala asikanyagwe, haukuletwa na usafi wala nidhamu. Ni sheria ndiyo iliyopigwa picha pale. Mwafrika aliruhusiwa mjini kama mkono wa kufanya kazi, na kazi ikiisha mkono urudi Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo. Ukionekana huna kazi, unashikwa. Kwa hiyo tunapouliza watu wengi hivi walitoka wapi, jibu ni kwamba walikuwepo. Walikuwa nje ya fremu.

Chukua jengo moja ambalo watu wa “zamani na sasa” hulipenda kwa sababu halijabadilika: Kipande House, palepale Kenyatta Avenue. Lilijengwa 1913, ni la mawe, na leo ni benki. Weka picha ya zamani na ya leo sambamba, utaona ukuta uleule, kisha mtu ataandika kwamba wazee walijua kujenga. Sawa, walijua. Lakini jina lake lilitoka kwa kipande, kile cheti chenye alama za vidole na rekodi ya kazi ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba tangu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kiliwekwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Watu walipanga foleni hapo ili kuandikishwa. Kamera inaona mawe, foleni imeisha zamani. Jengo linaweza kubaki vilevile huku kila kitu cha maana ndani yake kimebadilika, na ulinganisho wa kuta hautakuambia.

Kuna udhaifu mwingine, na huu ni wa ufundi. Picha nyingi za juu zilikuwa kadi za posta. Zilipigwa ili ziuzwe, zipelekwe kwa shangazi huko Uingereza aone kwamba mambo ni mazuri huku. Picha ya chini imepigwa kwa simu na mtu aliyechelewa kufika nyumbani, ana hasira. Ni kama kuweka bango la matangazo kando ya ripoti ya polisi, halafu ushangae kwamba bango linapendeza zaidi.

Si kwamba hakukuwa na picha nyingine. Priya Ramrakha, aliyezaliwa hapahapa Nairobi mwaka 1935, alipiga mji huu akiwa kati ya watu, miaka ya Hali ya Hatari na ya uhuru. Aliuawa akiwa kazini Biafra mwaka 1968, na sehemu kubwa ya picha zake ilikaa miongo kadhaa kwenye gereji hapa mjini kabla ya kupatikana tena. Picha zenye watu zilikaa gizani huku zenye magari zikizunguka. Mtu wangu, hapo huhitaji mhadhiri akueleze.

Sasa, sitaki kuwacheka wanaotuma hizi picha. Mama yangu ni mmoja wao. Anachosema kwa kweli ni kwamba takataka haziokotwi, kwamba kanju wanamkimbiza mama wa nyanya badala ya kumpa mahali pa kuuzia, kwamba miti inakatwa na hakuna aliyemuuliza. Malalamiko yake ni halali kabisa. Ushahidi wake ndio mbovu. Ukitumia Delamere Avenue kuishtaki serikali ya leo, unaipa serikali jibu rahisi: sawa, tutawaondoa watu.

Na tayari tunapiga kadi za posta mpya. Tafuta picha za Nairobi Expressway tangu ilipofunguliwa 2022. Nyingi zimepigwa kutoka juu, usiku, taa zimenyooka kama uzi. Huwezi kumwona anayetembea chini yake asubuhi kwenda kazini kwa sababu hana nauli. Miaka sitini ijayo mtu ataituma hiyo picha kwa grupu na kuuliza walikosea wapi. Mwaka jana niliketi kwenye ngazi za jengo jipya la vioo kule Westlands, nikingoja mvua ipungue. Mlinzi, kijana wa rika langu, alinijia kwa upole tu. “Bro, unangoja nani?”

Nyumbani kwa babu kuna picha moja ambayo haijawahi kutumwa kwa grupu yoyote. Amesimama kando ya Ford Zephyr, shati jeupe, mkono mmoja umelalia boneti kama mwenye mali. Gari si lake, alikuwa amemaliza kuliosha. Aliyeipiga ni mwenzake wa kazi, na wote wawili wangefukuzwa kama mwenye gari angetoka wakati huo. Nyuma yao kuna ukuta na ndoo.

Wiki iliyopita niliona vijana watatu kwenye maegesho ya duka moja kubwa, wanapigana picha na Subaru ya mtu. Mmoja alikuwa ameweka mkono palepale, juu ya boneti, huku jicho lake likiangalia mlango. Kama unataka “zamani na sasa”, mimi ningeweka hizo mbili.