Jembe Lipo, Shamba Liko Wapi? Uhakiki wa Neno "Kujitegemea" Nakivale na Mbarara

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukitaka kuifupisha sera ya Uganda kuhusu wakimbizi, methali hii inatosha. Mwaka 1999 serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilianzisha mkakati wa kujitegemea katika wilaya za kaskazini magharibi, na wazo lake likaenea katika makazi mengine. Mkimbizi apewe kipande cha ardhi, alime, na msaada upungue kidogo kidogo. Makala hii inalihakiki neno "kujitegemea" kwa kulitazama kutoka Nakivale, Mbarara na Bwizibwera. Hoja yangu ni kwamba jembe linatolewa, lakini shamba na sauti ya mkulima vimesahauliwa.

Kwanza tutende haki. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ilianza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, na sasa inakaliwa na Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kusafiri. Zipo nchi jirani ambako mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kwa hiyo ninayemhakiki hapa si mwenyeji aliyefungua mlango. Ninahakiki mipango inayosimamiwa kwa jina lake.

Tuanze na shamba. Katika makazi mengi ya Uganda, familia mpya siku hizi hupewa kiwanja cha mita 30 kwa mita 30. Ni mita za mraba 900, chini ya robo ekari. Humo ijengwe nyumba, lichimbwe shimo la choo, na kinachobaki kilimwe mahindi na maharage. Isingiro ni wilaya ya migomba, lakini pia hupigwa na ukame. Mvua ikichelewa, kipande hicho hakilishi familia ya watu sita hata msimu mmoja. Anayetaka kulima zaidi hukodi shamba kwa mwenyeji, mara nyingi kwa maneno ya mdomo tu, na mwenye shamba akibadili nia, jasho limepotea.

Wakati huohuo mgao umepungua. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao hadi asilimia 70, na Februari 2021 hadi asilimia 60. Mwaka 2023 wakimbizi waligawanywa katika makundi matatu: wa kwanza wapate asilimia 60, wa pili asilimia 30, wa tatu wasipate kitu kwa kuwa "wanajitegemea". Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye msaada huo. Tazama neno letu lilivyogeuka. Kwa Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, kujitegemea kulikuwa uamuzi wa watu kuhusu nchi yao wenyewe. Hapa kumekuwa daraja analopangiwa mtu na mwingine, naye hulijua siku jina lake linapokosekana kwenye orodha.

Neno "posho" nalo lina somo lake. Kwa Kiswahili sanifu, posho ni chakula au pesa ambayo mtu hupimiwa na mwingine, kama askari au kibarua. Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe. Chakula kimepewa jina la kipimo, na anayepima si anayekula. Fedha taslimu zilipochukua nafasi ya magunia, mama wa Kikongomani aliweza angalau kutafuta sombe sokoni. Lakini bei ya unga ikipanda, kiasi cha pesa hakipandi nayo. Ndiyo maana wakulima wa harakati ya La Via Campesina, tangu 1996, wamedai zaidi ya kushiba. Wanadai mamlaka ya kuamua ni nini kilimwe, kwa mbegu gani na kwa faida ya nani.

Tatizo la pili ni mji. Msaada umefungwa kwenye makazi. Anayekwenda mjini hujitunza mwenyewe. Lakini watu huhama kwa sababu: kibarua, biashara ndogo, shule, matibabu katika hospitali ya rufaa ya Mbarara. Wapo wanaofika hadi Bwizibwera, kaskazini mwa jiji kwenye barabara ya Ibanda. Huko mtu hana kiwanja wala mgao, na mbele ya kituo cha afya hana lugha. Huduma katika vituo vya serikali hailipiwi tangu 2001, lakini mgonjwa anayejua Kiswahili tu, mbele ya mhudumu wa Runyankore na Kiingereza, anaonyesha maumivu kwa kidole. Dawa za kifua kikuu humezwa miezi 6. Nani atamweleza namna ya kuzimeza, na atazimeza na chakula gani?

Jambo hili halikuanzia kwetu. Nchini Marekani, wenyeji wa asili walisukumwa kwenye maeneo yaliyotengwa, wakapewa mgao wa unga, mafuta na sukari badala ya mashamba na mawindo yao, na kisukari kikawasakama. Sheria ya mwaka 1956 ikawahimiza kuhamia mijini. Leo wengi wao wanaishi mijini, lakini sehemu kubwa ya huduma zao za afya bado imeelekezwa kwenye maeneo ya zamani. Historia yao si yetu, ila kosa la usimamizi linafanana: haki imefuata ramani, haikumfuata mtu.

Mtetezi wa mipango atasema fedha za wafadhili zimekwisha. Ni kweli zimepungua. Lakini mkataba wa maandishi wa kukodi shamba, wenye saini ya mwenyeji na mkimbizi, haugharimu mamilioni. Mkalimani wa Kiswahili kituoni anaweza kupatikana miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Baraza la Mawaziri lilikwisha kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, basi kianze kazi pale penye mgonjwa. Utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya msaada kwa jamii wenyeji upo. Wenyeji na wageni wakae katika kamati moja, wachague mbegu na bustani za mboga, na walioko mjini wahesabiwe.

Methali inamtaka mwenyeji ampe mgeni jembe. Haisemi ampe jembe kisha amfungie shamba, wala haisemi amhesabie siku akiwa hana mahali pa kulima. Wanaoandika mipango ya kujitegemea wanapaswa kuulizwa swali moja kabla ya kulikata jina la mtu yeyote: huyu atalima wapi?