Bwana Hana Jina

Jumapili niliwawekea watu wa nyumbani, hapa Waa, nyimbo za Them Mushrooms, bendi ya Kaloleni iliyochanganya chakacha na reggae. Barazani pakawaka moto.

Mimi hukumu yangu ilikuwa tayari: "Jambo Bwana" ya 1980 ni ya watalii. Huku Kwale nani anasalimia hivyo? Sisi tunaulizana hali mpaka ya mbuzi.

Mjomba akanikatiza. "We mwanangu, hata Boney M. waliichukua 1983. Mbona hao huwasemi?" Kwake ni fahari: Teddy Kalanda Harrison, mtoto wa Pwani, alitunga kitu dunia ikakiimba.

Dada, ambaye huimba kwenye hoteli moja Diani, alicheka tu. "Naiimba kila usiku. Mgeni anaishika papo hapo, hata Kiswahili hajui. Hiyo ni kazi, usidharau."

Hapo nikalegea kidogo. Kutunga wimbo wa kushikwa papo hapo si mchezo. Gitaa halina haraka, sauti zimetulia, hakuna anayejikakamua. Ila bado kuna kitu kinanikwaza. Kwenye "Nyambura" bendi hiyo hiyo inamwita mtu kwa jina, na unasikia kabisa kuna anayeitwa. Kwenye "Jambo Bwana" anayesalimia hana jina, anayesalimiwa hana jina.

Nikamuuliza dada, "Na hao wageni wanakuitaje?"

"Jambo," akasema, akaongeza sauti ya simu.