Gonga Ukuta Huu wa Eldoret!

Ugonge kwa ngumi usikie! Hautikisiki, haumwagi vumbi. Nimetoka kuuona kwenye mjengo mmoja upande wa Kapsoya, na hadi sasa damu inanichemka. Ndani yake kuna povu jeupe, jepesi kama lile linalokinga televisheni mpya ndani ya katoni. Pande zote mbili limevishwa wavu wa chuma, na juu ya wavu ikapulizwa saruji kwa mashine, unene wa sentimita tatu hivi kila upande. Basi! Hakuna jiwe, hakuna tofali.

Hizi ndizo paneli za EPS, na si kitu cha kuagiza ng'ambo: Shirika la Nyumba la Kitaifa, NHC, lina kiwanda chake Mavoko. Watu wawili wanabeba paneli huku wakipiga soga, maana povu lenyewe karibu lote ni hewa. Wanaisimamisha kwenye vyuma vilivyoachwa vikichomoza kwenye msingi, wanaifunga kwa waya, kona wanaziongezea wavu. Na fundi wa umeme, jamani! Hakushika patasi wala nyundo. Alielekeza mashine ya hewa moto kwenye povu, likayeyuka na kuacha mfereji safi, akalaza paipu zake nyuma ya wavu, na kufikia chai ya saa nne alikuwa amehamia chumba kingine. Kama umewahi kuona ukuta wako mpya wa mawe ukichimbuliwa kutafutia waya njia, unajua kwa nini nilisimama pale nikishangaa.

Mji wetu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Vimbunga vya baharini havitufikii, lakini nani hapa hajui alasiri inayoanza na jua, mara mawingu yakafunga, upepo ukatangulia na mvua ya mawe ikafuata? Mabati yanaruka, madarasa yanabaki wazi. Kisha usiku baridi inashuka hadi nyuzi 10. Ukuta wa mawe utaukabili upepo, sawa, ila Julai utakunyima usingizi. Saruji hupitisha joto zaidi ya mara 30 kuliko povu hili. Paneli imeleta ugumu na joto katika ukuta mmoja, na hilo ndilo lililoniteka!

Ukitaka ushahidi, mtazame binamu yake, ukuta wa zege linalomiminwa katikati ya tabaka mbili za povu. Oktoba 10, 2018, kimbunga Michael kilipiga Mexico Beach, Florida, kwa upepo wa kilomita 257 kwa saa. Nyumba za ufukweni zilifagiliwa. Moja iliyojengwa kwa kuta hizo, Sand Palace, ilibaki wima, na picha yake ikazunguka dunia.

Lakini kuta peke yake hazikuiokoa. Waliochora nyumba ile walilipunguza paa lililochomoza nje ya kuta, kwa sababu upepo ukiingia chini ya ukingo wa paa hulinyanyua. Sisi tunapenda paa pana na veranda ndefu, kwa hiyo hapa sitanii: uliza paa limefungwaje. Kapsoya nimeona mkanda wa zege umezunguka juu ya kuta zote, na vyuma vinatoka ndani yake kushika mbao za paa. Safi kabisa! Ukimkuta fundi wako anapigilia mbao kwa misumari mitupu, msimamishe hapo hapo, hata kama kuta zake ni za paneli. Hakikisha pia povu lote limefunikwa saruji, maana likiachwa wazi moto hulila haraka, na mwagia kuta maji siku saba zisipasuke.

Mimi nimeshampigia mchoraji wangu. Ramani ya mawe aiweke kando, anichoree ya paneli, na paa fupi!