Injili ya Barnaba Haifai Kuwa Hoja Yetu

 

Ndugu msomaji, mihadhara ya kulinganisha dini ilienea nchini mwetu katika miaka ya 1980, na hapa Mwanza na miji mingine ya kandokando ya Ziwa imepata wasikilizaji wengi, Waislamu na Wakristo. Heri zake hazikanushiki. Lakini kiko kitabu ambacho baadhi ya wahadhiri hukinyanyua jukwaani kana kwamba kimemaliza ubishi wote, nacho ni ile iitwayo Injili ya Barnaba. Tukipime kwa mizani ya elimu yetu wenyewe.

Wanazuoni wa munadhara wanatambua njia mbili za kumjibu mpinzani. Ya kwanza ni burhani, yaani dalili iliyothibiti yenyewe. Ya pili ni ilzamu, yaani kumbana mpinzani kwa jambo ambalo yeye mwenyewe analikubali. Ngariba na Kawemba walipoandika Uislamu katika Biblia walipita mlango wa ilzamu: walichukua kitabu kinachokubaliwa na Wakristo wakakijengea hoja. Mtu anaweza kuwapinga katika tafsiri ya aya hii au ile, lakini mlango wenyewe ni sahihi. Injili ya Barnaba haimbani Mkristo, kwa sababu kanisa lake halikuikubali kamwe. Basi imebaki njia ya burhani. Je, kitabu hiki kimethibiti?

Tuanze na sanadi. Nakala kamili iliyopo ni ya Kitaliano, imehifadhiwa Vienna, na wataalamu wanaikadiria kuwa ya mwisho wa karne ya 16. Ipo pia nakala ya Kihispania isiyokamilika, iliyopatikana Sydney. Lonsdale na Laura Ragg waliichapa kwa Kiingereza mwaka 1907, na mwaka 1908 Sheikh Rashid Rida akaitoa Cairo kwa tafsiri ya Kiarabu ya Khalil Saada. Baina ya Barnaba, mtu wa karne ya kwanza, na nakala hiyo ya Kitaliano kuna karne kumi na tano bila ya mpokezi hata mmoja anayejulikana. Hadithi yenye pengo la mtu mmoja tunaiita dhaifu. Hii tuiite nini?

Watasema: jina la Injili ya Barnaba limo katika orodha ya kale ya vitabu vilivyokataliwa, inayonasibishwa na Papa Gelasius. Ni kweli, limo. Lakini jina si kitabu. Hakuna anayeweza kuonyesha kuwa kilichokataliwa zamani ndicho hiki kilichopo leo. Wengine huchanganya na Waraka wa Barnaba, ambao ni kitabu kingine kabisa.

Sasa tutazame matini. Katika mlango wa 20, Nabii Isa (a.s.) anapanda jahazi katika ziwa la Galilaya na kufika Nazareti kwa maji. Nazareti iko juu ya vilima, zaidi ya kilomita 20 kutoka ziwani. Mchuuzi anayevuka kila wiki kwenda Nansio hahitaji kusomeshwa kosa hili; ni sawa na kumwambia kuwa iko meli inayong'oa nanga Mwanza na kutia nanga Shinyanga. Mwandishi hakuijua nchi anayoisimulia. Mlango wa 82 unataja yubile ya kila miaka 100, ilhali ya Taurati ni ya miaka 50. Hiyo ya miaka 100 iliwekwa na Papa Boniface VIII mwaka 1300.

Zito zaidi ni kuwa kitabu hiki kinaikhalifu Qur'ani. Kinamfanya Isa (a.s.) akanushe kuwa yeye ni Masihi, na kinampa Mtume wetu (s.a.w.) cheo hicho, ilhali Sura Aal Imran aya ya 45 inamwita Isa kwa jina hilo hilo. Kinasema Maryam alijifungua bila ya uchungu, na Sura Maryam aya ya 23 inataja uchungu uliompeleka kwenye shina la mtende. Vipi Muislamu atetee kitabu kinachoikadhibisha Qur'ani, eti kwa kuwa kimemtaja Muhammad (s.a.w.)? Wanazuoni wetu walizitupa hadithi za kubuni hata pale maana yake ilipokuwa nzuri.

Kosa jingine linalofanana na hili ni kudai kuwa vitabu vya Agano Jipya vilichaguliwa Nikea mwaka 325. Mtaguso ule ulijadili itikadi juu ya Kristo, na orodha ya vitabu haikuwa kazi yake. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vile 27 pekee ni ya Athanasius wa Aleksandria, mwaka 367.

Wala hatupungukiwi na hoja. Injili nne hazimtaji mwandishi ndani ya matini yake. Luka mwenyewe anaanza kwa kueleza kuwa wengi walimtangulia kuandika. Aya za mwisho za Marko, 16:9 hadi 20, hazimo katika nakala mbili mashuhuri za karne ya 4. Maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni katika 1 Yohana 5:7 hayakuwamo katika chapa za Erasmus za 1516 na 1519. Aliyaingiza mwaka 1522. Haya padri msomi hayakanushi. Lakini hata hapa tusivuke mpaka: hayathibitishi kuwa kila kilichomo ni uongo. Kanuni yetu katika habari za Ahlul-Kitab inajulikana: kinachoafikiana na Qur'ani tunakikubali, kinachoipinga tunakikataa, na kilichonyamaziwa tunakinyamazia.

Kijana wetu aliyeshibishwa Barnaba uwanjani, kesho ataingia chuo kikuu, pengine hapo hapo Nyegezi, na mwalimu atamfungulia ramani ya Galilaya. Siku hiyo hatamtilia shaka Barnaba peke yake. Atawatilia shaka masheikh waliompa kitabu hicho, na pengine dini waliyomfundisha.

Sura al-Baqara aya ya 111 inawataka Ahlul-Kitab walete burhani yao. Anayeisoma aya hiyo jukwaani ajue kuwa naye anadaiwa.

Wallahu aalam.