Kuitafuta Neva ya Sauti Nyuma ya Rovu

Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, si jambo geni Kivu Kusini, Kongo. Miaka ya 1960, François Delange na wenzake kutoka Ubelgiji walikuta ajabu kisiwani Idjwi: iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini marovu yalijaa kaskazini na kupungua sana kusini-magharibi. Baadaye muhogo ukatiwa hatiani, kwa kuwa sumu yake ikishavunjwa mwilini huacha thayosayanati, nayo huizuia tezi ya thairoidi kunasa iodini. Fizi na Baraka, mkoani humo humo, nako bukari (ugali) ya muhogo ndiyo chakula.

Hayo ni ya lishe. Kazi ya mpasuaji huanza rovu linapobana njia ya hewa, naye anajua kwamba shingo anayoifungua huenda isifanane na mchoro wa kitabuni. Karibu nusu ya watu wana kipande cha tatu cha tezi, kinachopanda kuelekea mfupa wa ulimi. Kikisahaulika, rovu huweza kuota tena kutoka hapo. Wachache wana ateri ya ziada mbele ya bomba la hewa, mahali hasa panapokatwa kwa haraka mtu akishindwa kupumua. Lakini kinachomnyima mpasuaji usingizi ni neva ya sauti.

Kwa kawaida neva hii hushuka kwanza. Ya kushoto huzunguka aota, ya kulia huzunguka ateri ya mkono, kisha zote hupanda hadi kwenye zoloto. Kwa mtu mmoja hivi kati ya 100, au chini ya hapo, ateri ya mkono wa kulia huchipuka upande wa kushoto wa aota na kupita nyuma ya umio. Neva hukosa cha kuzunguka, ikakatiza shingoni moja kwa moja. Anayeitafuta chini haioni. Akidhani ni mshipa mdogo wa damu ataifunga uzi, na mgonjwa ataamka na sauti ya mkwaruzo.

Mishipa ya juu ya tezi hufungwa mmoja mmoja, karibu kabisa na tezi, kwa sababu neva nyingine ya zoloto hupita jirani nayo. Ateri ya chini haifungwi kwenye shina: neva ya sauti huweza kupita mbele yake, nyuma yake au katikati ya matawi yake, na tezi ndogo za kalisi, ambazo kwa kawaida ni nne, hupata damu humo. Rovu kubwa likiisukuma neva na kuitandaza juu ya uso wake, kuitafuta chini ni kubahatisha. Hapo nawaunga mkono wanaoanzia juu, inapoingia kwenye zoloto. Mlango huo haubadiliki sana, neva iwe imezunguka au haikuzunguka. Huonwa pale, kisha hufuatwa kurudi nyuma, kwa macho na subira.

Linabaki swali la kiasi cha kutoa. Mwaka 1883 Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern aliyepata Nobel mwaka 1909, alieleza jinsi waliotolewa tezi yote walivyodhoofika mwili na akili. Leo kuna vidonge vya thairoksini, kila siku, maisha yote. Kwa mkulima wa Fizi asiye na uhakika wa duka la dawa, kuacha kipande cha nyuma kuna mantiki, tena kipande hicho huikinga neva. Ila akikosa chumvi yenye iodini, kipande hicho huweza kuvimba upya, na operesheni ya pili hukuta kovu limeivuta neva mbali na pale ilipoachwa.